Plagi Inaingia, Mshale Hauendi

Oktoba 14, 2025, Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10, na tangu siku hiyo kompyuta nyingi ambazo bado zinawaka zimegeuka mzigo. Windows 11 hudai chipu ya usalama inayoitwa TPM 2.0, na mashine za mtumba zilizosambaa katika shule za Embu, Tharaka-Nithi na Meru, nyingi hazina. Zikarudishwa stoo. Januari 2026, kundi la kwanza la Gredi ya 10 lilipokuwa likitafutiwa vifaa, kuna walimu walioingia stoo hizo wakakuta nyuma ya mashine hizo zipo nyingine kongwe zaidi: makasha mazito yaliyokuwa meupe yakakolea manjano, yenye mdomo wa diski za flopi mbele na matundu ya kila umbo nyuma.

Hapo ndipo mwandishi wa makala haya alipopigiwa simu na naibu wa mwalimu mkuu wa shule moja ya kutwa iliyo juu ya Runyenjes. "Mwalimu, hizi kompyuta za zamani zinawaka vizuri tu," naibu alisema. "Kibodi inaandika. Lakini mausi tumenunua mpya, na haina mahali pa kuingia. Kwani hakuna adapta?"

Adapta ipo. Ni ya kijani, inauzwa hata kwenye vibanda vya simu, na bei yake haimtishi mtu. Kama itafanya kazi ni habari nyingine. Habari hiyo ilimchukua mwandishi sehemu kubwa ya ujana wake kati ya Embu na Meru, katika miaka ambayo kipanya, kifaa cha bei ya chini kuliko vyote mezani, ndicho kilichoamua kompyuta itumike au ifunikwe kitambaa.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, Embu ikiwa bado makao makuu ya Mkoa wa Mashariki. Mji ulijaa makarani, na kila karani alikuwa ameshaambiwa kwamba taipureta inaenda na maji. Vyuo vya kompyuta vikachipuka ghorofani, juu ya mabucha na maduka ya misumari. Mtu alilipa karo, akasomea zile zilizoitwa 'packages', yaani WordPerfect, Lotus 1-2-3 na dBase, akashuka ngazi na cheti chenye muhuri mwekundu. Mwandishi alisomea katika chuo kimojawapo. Karo ya mwisho ilipowashinda wazazi wake, aliambiwa aimalizie kwa kufagia chumba na kumsaidia fundi.

Fundi huyo alikuwa mzee aliyestaafu kazi ya mitambo ya simu. Hakupenda maneno mengi. Asubuhi moja wanafunzi walimjia na kipanya kilichokuwa kizima jana yake na leo hakisongezi chochote.

"Mzee, hii imekufa."

"Imekufa ama imegeuzwa?"

Alikipindua. Kwenye tumbo la kipanya palikuwa na swichi ndogo, ya kusukumwa kwa ukucha, yenye herufi MS upande mmoja na PC upande wa pili. Aliyekuwa akipangusa vumbi jioni alikuwa ameisukuma bila kujua. Wanafunzi nao walikuwa wameiona, wakaiacha palepale kwenye PC, maana kilichokuwa mezani si ni PC? Mzee akairudisha kwenye MS, akawasha mashine upya, na mshale ukatembea.

Maelezo yake yalikuwa mafupi, na ni baadaye sana mwandishi alipoyasoma kwa ukamilifu. Kipanya cha aina ile hutuma habari zake kwa waya mmoja, kidogo kidogo, kwa kasi ya biti 1,200 kwa sekunde. Kikiwekwa MS, hufuata utaratibu wa Microsoft: kila mkono unaposogea, hutuma baiti 3 zinazosema kitufe kipi kimebonyezwa na safari ni ya upande gani. Kikiwekwa PC, hufuata utaratibu wa kampuni nyingine, Mouse Systems, wenye baiti 5. Waya ni uleule, kasi ni ileile, plagi ni ileile ya matundu 9, ya kuingia kwenye tundu la COM. Programu iliyo ndani ya kompyuta ikingojea 3 na ikaletewa 5, haielewi inachoambiwa. Mshale hautii mkono, na mtu huapa kwamba kifaa kimekufa.

Ni ajabu kwamba kitu kidogo hivyo kilikuja na sheria nyingi hivyo. Kipanya cha kwanza, kilichobuniwa na Douglas Engelbart wa taasisi ya SRI huko California katika miaka ya 1960 na kuundwa na mwenzake Bill English, kilikuwa kijisanduku cha mbao chenye magurudumu mawili, moja la kupima mwendo wa kando na jingine la kupima wa mbele na nyuma. Dunia ilikiona hadharani Desemba 9, 1968, kwenye maonyesho yaliyofanyika San Francisco. Hataza yake ilitolewa 1970 na muda wake ukaisha 1987, kabla vipanya havijatapakaa, na kila kampuni ilijitengenezea chake. Macintosh ya 1984, Amiga na Atari ST za 1985, na tundu la COM la kompyuta za IBM, zote zilitumia plagi za familia moja ya pini 9, na hakuna mfumo uliokubaliana na mwingine juu ya kazi ya kila pini. Amiga na Atari ST zilikuwa karibu ndugu, ila nyaya mbili zimebadilishana nafasi. Nyaya mbili tu, na kipanya cha huyu hakimfai yule.

Intaneti ilipofika mjini kupitia laini za simu, yalizuka mapya. Mwandishi alikuwa ameazimwa kwenye saiba moja ndogo, ambako mteja alilipa kwa dakika na kungoja barua pepe ifunguke kama anayengoja mvua ya Aprili. Kompyuta iliyounganishwa na laini ilikuwa na tabia moja: modemu ikianza kulia ile milio yake, mshale huganda. Laini ikikatwa, mshale hufufuka. Mwenye saiba alishanunua vipanya vingine, vyote vikaganda vivyo hivyo, naye akaanza kuwashuku wauzaji wa Nairobi.

Hapakuwa na kipanya kibovu. Katika kompyuta za wakati ule, kila kifaa kilipewa nambari ya kuitia prosesa, na matundu ya COM yaligawana nambari hizo: COM1 na COM3 zote ziliita kwa nambari 4, COM2 na COM4 kwa nambari 3. Kipanya kilikuwa COM1 na modemu COM3. Modemu ilipoanza kazi, mwito wa kipanya ulimezwa. Kipanya kikahamishiwa COM2, kelele zikaisha, na mwenye saiba akabaki na rafu nzima ya vipanya vizima alivyokwisha kuvihukumu.

Kilichomshangaza kijana wa Embu wakati huo ni jinsi lawama ilivyosafiri. Kipanya ndicho kilichoonekana kikigoma, basi kipanya ndicho kilichotupwa. Alikuja kuliona jambo hilo tena na tena katika taasisi za kila aina: kifaa kinachoguswa na mkono hubeba dhambi za vifaa vilivyofichwa ndani ya kasha.

Kutoka Embu alipata kazi ya kuzungukia shule, akitumwa na muuzaji aliyekuwa amezipatia kompyuta. Mtu aliyepita barabara ya Embu hadi Meru anaijua: inapinda, inateremka mtoni, inapanda, inateremka tena, Thuchi, Nithi, Mutonga, huku upande mmoja Mlima Kenya ukiwa umejifunika mawingu. Udongo wa huko ni mwekundu, wa volkano, mzuri kwa chai na kahawa. Kwa vipanya vya gololi ulikuwa maafa.

Fungua kipanya cha zamani na utaona. Chini kuna kifuniko cha mviringo. Ukikizungusha, gololi nzito ya chuma iliyovikwa mpira inaanguka kiganjani. Ndani zimo rola mbili nyembamba na ya tatu ya kusukuma. Vumbi la kiangazi na mafuta ya vidole vya wanafunzi hugandamana kwenye rola hizo na kufanya utepe mweusi wenye wekundu kwa mbali, mgumu, unaobanduka kwa ukucha kipande kwa kipande. Ukiondoa utepe huo, kipanya kinapona. Usipouondoa, mshale unaruka, unakwama, unapanda bila kushuka. Mwandishi alitumia siku nzima nzima akikwangua rola kwa wembe butu, huku mwalimu wa somo akisimama kando na kuuliza kama kuna dawa ya kupuliza. Dawa ilikuwa kuwaambia watoto wanawe mikono.

Shida ya pili haikuwa na dawa. Gololi zilikuwa zikitoweka. Zilikuwa nzito, hazikupasuka, na katika mchezo wa bano hakuna gololi ya kioo iliyoweza kushindana nazo. Shule moja karibu na Chuka ilifikia kufungia vipanya ndani ya kabati la kemikali, vikawa vinasainiwa kabla ya kutolewa. Shule nyingine ilibandika vifuniko kwa gundi. Gololi zikabaki salama, na rola hazikusafishwa tena hadi vipanya vyote vikafa. Ukiuliza ipi kati ya shule hizo mbili ilifundisha kompyuta vizuri zaidi, jibu ni ile ya kabati: wanafunzi wake walijua kwamba kipanya ni kitu cha kutunzwa na kwamba ndani yake kuna kitu.

Mwaka 2002 lilianzishwa shirika la Computers for Schools Kenya, na makontena ya kompyuta zilizokwisha kutumika yakaanza kuingia nchini kwa wingi, mengine yakitumwa na Computer Aid International ya Uingereza. Zile zilizopita mikononi mwa mashirika ya namna hiyo zilifika shuleni zimekaguliwa na kupangwa. Lakini zilikuwapo njia nyingine nyingi: parokia rafiki ya ng'ambo, mwanakijiji aliyekuwa Marekani, kampuni ya Nairobi iliyokuwa ikihama ofisi. Mizigo hiyo ilikuja na hati safi iliyohesabu mashine na skrini. Vipanya vilikuja ndani ya gunia.

Mwandishi alikumbana na gunia kama hilo katika shule moja upande wa Nkubu. Alilimwaga sakafuni. Vilikuwamo vipanya vya COM vyenye plagi pana ya skrubu mbili, vya PS/2 vyenye plagi ya duara na pini 6, na vichache vya Apple vyenye plagi ya duara iliyokaribiana kabisa na hiyo lakini yenye pini 4. Mashine zilizotolewa zilikuwa na tundu la PS/2. Kabla ya yeye kufika, mtu alikuwa amejaribu kukisukuma kipanya cha Apple humo kwa nguvu za mikono miwili, na pini zilikuwa zimelala chini zote.

Plagi ambazo pini zake hazikulala nazo ziliunguza fyuzi. Plagi ya PS/2, iliyoletwa na IBM mwaka 1987, haikuundwa ichomekwe mashine ikiwa inawaka. Nyuma ya tundu lake, kwenye ubao mkuu wa kompyuta nyingi, kuna fyuzi ndogo kuliko punje ya mtama. Ukichomeka na kuchomoa huku stima imo, siku moja inakatika, na kuanzia hapo hakuna kipanya wala kibodi itakayofanya kazi kwenye matundu yake ya PS/2. Mashine nzima inatangazwa kufa kwa sababu ya fyuzi hiyo. Baadaye, ulipokuja mwongozo wa PC 99, matundu yalipakwa rangi, kijani kwa kipanya na zambarau kwa kibodi, na makosa ya kubadilishana matundu yakapungua. Rangi haikuzuia watu kuchomeka mashine ikiwaka. Mwandishi aliandika kwa kalamu ya wino mzito kwenye vipande vya karatasi: ZIMA KWANZA. Aliyabandika makaratasi hayo katika kila chumba alichopita, na pengine mengine yapo hadi leo.

Humo guniani pia mlikuwa na adapta, plagi pana upande mmoja na ya duara upande wa pili. Mwalimu wa somo alizifurahia mno. Alichukua kipanya chochote cha COM, akakitia adapta, akachomeka. Hakuna kitu. Akajaribu kingine. Ni vipanya vichache tu vilivyokubali, navyo vilikuwa vimeandikwa tumboni kwa herufi ndogo kwamba vinafaa kwa njia zote mbili. Siri ilikuwa ndani ya vipanya vyenyewe. Adapta ile ni nyaya tupu, haina ubongo. Kipanya chenye uwezo wa njia mbili, kinapopata umeme, hutazama nyaya zake zimekaaje, kikajua kiko kwenye tundu gani, kikachagua utaratibu wa kufuata. Kisicho na uwezo huo hakitasaidiwa na adapta, hata iwe ya dhahabu.

Halafu kuna Meru, na mtu wa video.

Mwandishi alihamia Meru mjini mwanzoni mwa miaka ya 2000. Huko alikutana na mpiga video wa harusi na ruracio ambaye kazi yake ilitofautiana na ya wenzake kwa jambo moja: majina ya bwana na bibi harusi yalielea juu ya picha, yakiwa na kivuli na rangi ya dhahabu, yakiingia kutoka kando na kuondoka polepole. Wateja walimpenda kwa hilo. Majina hayo yalitoka kwenye kompyuta ya nyumbani ya Amiga 500, iliyoachwa na mfanyakazi wa kujitolea aliyerudi kwao Ulaya, ikiwa na kisanduku cha kuchanganya maandishi na picha ya video. Mashine hiyo ilitoka kiwandani mara ya kwanza 1987. Kampuni iliyoiunda, Commodore, ilifilisika Aprili 1994. Hapakuwa na spea Meru, wala Nairobi, wala kwa aliyeiunda.

Na kipanya chake kilikuwa kimekufa. Waya ulikuwa umekatika ndani mara nyingi na kuungwa mara nyingi hadi ukabaki mfupi mno kufika mezani. Mpiga video hakuwa ameacha kazi. Alikuwa amegundua kwamba Amiga humruhusu mtu kusogeza mshale kwa kushika kitufe cha Amiga na kubonyeza mishale ya kibodi, na kwamba kitufe cha Amiga cha kushoto pamoja na Alt ya kushoto ni sawa na kubofya. Aliandika majina ya maharusi namna hiyo, Ijumaa usiku hadi majogoo, mshale ukitambaa hatua kwa hatua.

Alikuwa amenunua kipanya cha kompyuta ya kawaida katika barabara ya Luthuli, Nairobi. Kiliingia kwenye Amiga barabara kabisa, matundu 9 kwa pini 9, kama kilichozaliwa hapo. Mshale haukutikisika.

Mwandishi alijua sababu, na kujua kwake hakukusaidia kitu. Kipanya cha COM kina chipu inayokusanya habari za mwendo na kuzituma kwa baiti. Amiga haitaki baiti. Inataka mapigo yenyewe, ghafi, kutoka kwenye magurudumu ya ndani: mapigo mawili ya mwendo wa kando, mawili ya juu na chini, kila jozi ikipishana kidogo ili kompyuta ijue mkono umeelekea wapi. Kitu cha kumaliza tofauti hiyo hakikuuzwa dukani.

Aliyeimaliza ni fundi wa redio wa Makutano, hapo hapo Meru, ambaye hakuwahi kuwa na kompyuta. Kibanda chake kilikuwa na redio za betri, pasi za umeme na televisheni zilizovuliwa migongo. Alimsikiliza mwandishi hadi mwisho, akafungua kipanya kile kipya bila kuuliza bei yake, akakiinamia. Zilionekana rola, na mwisho wa kila rola gurudumu dogo lenye nafasi nafasi, likizunguka kati ya taa isiyoonekana kwa macho na jicho la kupokea mwanga. Katikati ya yote, chipu moja.

"Haya macho ndiyo yanaona," fundi alisema. "Hii IC inafanya nini?"

"Inapanga habari kwa ajili ya PC."

"Na mashine yako haitaki kupangiwa?"

"Haitaki."

Akaikata chipu miguu yote na kuitia mfukoni. Alizungusha gurudumu kwa kidole kidogo huku akishika mita kwenye mguu wa jicho. Volti zilipanda na kushuka, lakini kivivu, hazikufika juu wala hazikuzama chini. Alitikisa kichwa, akainuka, akarudi na pawasaplai mbovu ya kompyuta iliyokuwa imeegemeza mlango. Ndani yake alitoa chipu ya miguu 14 iliyoandikwa LM339. Chipu hiyo ni ya kulinganisha: unaipa volti inayosuasua, inaamua kama ni ndiyo au hapana, na kutoa jibu lisilo na shaka. Imebeba vilinganishi 4 ndani ya mwili mmoja. Mapigo ya Amiga nayo ni manne. Fundi wa redio alijua chipu hiyo imo ndani ya pawasaplai nyingi kwa sababu alikuwa amezifungua nyingi, na hakuhitaji kuambiwa zaidi.

Kilichobaki ni kujua kila pini ya Amiga inataka nini, na hapo kitabu cha mashine kilitosha. Nyuma kabisa kilikuwa na jedwali la kila tundu na kila pini: 1 hadi 4 za mapigo, 6 ya kitufe cha kushoto, 9 cha kulia, 7 ya volti 5, 8 ya kurudisha. Fundi alisoma jedwali hilo kama risiti. Moshi wa risasi ulipanda, rezista zikapangwa, ubao mdogo ukafungwa kwa plasta ya kidonda ndani ya kipanya.

Walichomeka mashine ikiwa imezimwa, wakaiwasha. Mpiga video alisogeza mkono kulia, na mshale ukapanda juu. Wote watatu walicheka. Jozi mbili za nyaya zikabadilishana nafasi. Sasa mkono kulia, mshale kushoto. Zikabadilishwa nyaya mbili za jozi moja, na hapo mshale ukaufuata mkono. Mpiga video alifungua programu yake ya majina, akaandika jina la bibi harusi wa Jumamosi ile, akalivuta kutoka kona moja ya skrini hadi nyingine, akalirudisha, akalivuta tena.

Ni rahisi kuisifu akili ya fundi huyo na kuishia hapo, na magazeti hupenda sifa za jua kali. Lakini akili hiyo ilikuwa na kitu cha kushika. Commodore ilikuwa imechapisha pini zote katika kitabu cha mnunuzi, na kipanya kile kilifunguka kwa skrubu. Kampuni ikafa, kitabu kikabaki Meru. Baadhi ya vipanya vya leo vimefungwa kwa gundi, na chipu ya ndani imezibwa kwa tone jeusi la plastiki lisiloandikwa chochote. Fundi mwenye akili ileile angekishika kipanya hicho na kukirudisha mezani. Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ya haki ya kurekebisha vifaa mwaka 2024, lakini haina nguvu katika kibanda cha Makutano.

USB ilikuja kumaliza ugomvi wa plagi. Toleo lake la kwanza lilitangazwa Januari 1996, iMac ya 1998 ikawa na USB bila matundu ya zamani, na Windows 98 ikaizoesha kwa kompyuta za kawaida. Unachomeka mashine ikiwaka, inajitambulisha, inafanya kazi. Mwandishi, ambaye wakati huo alishaanza kuishi kwa kuandika, hakuusikitikia ule ulimwengu wa zamani hata kidogo. Kuchagua nambari za COM si utamaduni wa kuhifadhiwa.

Ila USB iliacha mashine za nyuma yake zimesimama. Ndiyo maana naibu wa Runyenjes alipaswa kupewa jibu refu. Adapta ya kijani, ya kutoka USB kwenda PS/2, ni nyaya tupu vilevile. Inafaa kwa kipanya ambacho ndani yake kina uwezo wa njia mbili, na vilivyotengenezwa zamani kidogo vingi vilikuwa hivyo. Vipanya vipya vya bei ya chini mara nyingi ni vya USB pekee. Ukivitia adapta hiyo, taa nyekundu ya tumboni inaweza hata kuwaka, kwa sababu umeme unapita, na mwalimu akadhani amefaulu. Mshale utakaa pale pale.

Kwa hiyo aliambiwa atazame nyuma ya kila mashine kabla ya kununua kingine. Yenye tundu la duara la kijani itafutiwe kipanya cha PS/2 kwenye mitumba. Vipo, havina mnunuzi. Yenye tundu la COM pekee huenda ikafaa zaidi kufunguliwa darasani, wanafunzi waione ilivyo ndani, kisha ipelekwe kwa wanaokusanya taka za kielektroniki badala ya kuchomwa nyuma ya jiko. Na wakati wa kungoja, katika Windows 95 na zilizofuata, Alt ya kushoto, Shift ya kushoto na Num Lock zikibonyezwa pamoja huwasha njia ya kusogeza mshale kwa vitufe vya namba. Naibu alilijaribu hilo akiwa bado kwenye simu. Ilisikika sauti ya wanafunzi wakishangilia nyuma yake, kisha yeye mwenyewe: "Aisee. Inaenda!"

Kuna watu wanaoweza kwenda mbali zaidi. Vijana wa vyuo vikuu wanaocheza na vibao vidogo kama Raspberry Pi Pico wanaweza kutengeneza kigeuzi chenye ubongo wa kweli, kinachopokea kipanya cha USB upande mmoja na kutoa mapigo ya Amiga au baiti za COM upande wa pili. Wapenzi wa mashine za zamani duniani hufanya hivyo na kugawana programu zake bure. Embu ina chuo kikuu, Chuka inacho, Meru pia. Kwa kompyuta ya shule kigeuzi hicho kinaweza kugharimu kuliko mashine yenyewe. Kwa mwanafunzi anayekitengeneza ni somo zima la vifaa vya kuingizia data, somo ambalo wengi hulikariri kutoka kitabuni bila kufungua chochote.

Fundi wa Makutano bado yupo. Redio zimepungua, siku hizi meza yake imejaa simu, na mwandishi alimpitia akiwa njiani kwenda Maua. Mama mmoja alikuwa amesimama mbele ya kibanda na waya wa USB-C, akilalamika kwamba unachaji simu lakini picha za mtoto wake haziingii kwenye kompyuta. Alikuwa na hakika simu ndiyo mbovu. Fundi aliupokea waya, akauchomeka kwenye kijibao chenye taa ndogo ndogo alichojiundia, akazitazama zilizowaka na zisizowaka.

"Mama, simu yako ni nzima," alimwambia. "Huu una nyaya za umeme pekee, za data hawakuweka. Ulipoununua, ulimwuliza kama ni wa chaji tu?"

"Si zote zinafanana?"

Fundi akafungua droo, akatoa mwingine, akaupima mbele yake, taa zote zikawaka. Wakaanza kupatana bei.